Dubu kutoka mita 300

Tangu tarehe 1 Januari 2025, mtu yeyote anayefika Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyoko kati ya Ulaya na Ncha ya Kaskazini, haruhusiwi kumsogelea dubu mweupe ndani ya mita 300. Kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 30 Juni umbali huo unakuwa mita 500. Ukijikuta karibu zaidi ya hapo, hata kama dubu ndiye aliyekuja, wa kuondoka ni wewe. Wapiga picha wengi wa wanyamapori waliipokea habari hiyo kama taarifa ya msiba. Ilisemwa kwamba picha za dubu zimefika mwisho, kwamba meli zitahamia kwenye maji yasiyo na sheria kali, na kwamba nchi inayouza mafuta na gesi kwa dunia nzima haina haki ya kujifanya inamwonea dubu huruma kwa kumfukuza mtu aliyeshika kamera.

Nadhani wameisoma kanuni hiyo vibaya. Inayokatazwa ni picha ya aina moja tu, ile ambayo uso wa mnyama umejaa fremu nzima, manyoya yanahesabika, na nyuma yake kuna ukungu wa rangi usiokwambia hapo ni wapi. Hoja yangu ni kwamba picha hiyo imetugharimu kuliko ilivyotufaa, na kwamba aliyenyimwa picha hiyo hajanyimwa kazi. Sheria za umbali zina kasoro, tena kubwa, lakini kasoro hiyo haiko pale wanapopigia kelele.

Kwanza historia kidogo. Dubu wa Svalbard amelindwa asiwindwe tangu mwaka 1973. Sheria ya mazingira ya visiwa hivyo, inayotumika tangu 2002, ilikwisha kukataza kumfukuza dubu, kumvuta kwa chambo, au kumtafuta kwa namna inayomsumbua. Kwa hiyo waliouliza sheria mpya ilikuwa ya nini hawakuuliza swali la kijinga. Jibu liko kwenye neno kusumbua. Nani atathibitisha mbele ya hakimu kwamba dubu alisumbuka? Mpiga picha atasema mnyama alikuwa ametulia, mwongoza safari atasema hivyo hivyo, na dubu haitwi kutoa ushahidi. Mita 300, kwa upande mwingine, hupimwa kwa kifaa cha leza kinachoenea kiganjani. Nayo miezi ile ya mita 500 haikuokotwa tu: ndiyo miezi ambayo majike wanatoka mapangoni mwao ya theluji na watoto wadogo, sili wanazaa juu ya barafu, na dubu anajaza mwilini sehemu kubwa ya mafuta ya kumvusha mwaka. Windo moja likiharibika mwezi Aprili, hasara yake haifanani na ya Septemba.

Sasa tufanye hesabu ambayo walalamikaji hawakutufanyia. Dume mkubwa ana urefu wa karibu mita 2.5. Ukimwelekezea lenzi ya milimita 600 akiwa mita 300, taswira yake kwenye kihisi cha kamera, yaani kibao kinachopokea mwanga, inakuwa na urefu wa milimita 5. Kihisi cha ukubwa kamili kina upana wa milimita 36, kwa hiyo dubu anachukua sehemu moja kati ya saba ya upana wa picha. Kamera ya pikseli (nukta za picha) milioni 45 ina pikseli zaidi ya 8,200 kwa upana, kwa hiyo dubu peke yake anabaki na pikseli zaidi ya 1,100, zinazotosha kujaza kioo cha simu kutoka ukingo hadi ukingo, na humo ndimo picha nyingi zinamotazamwa siku hizi. Kwa mita 500 anashuka hadi sehemu moja ya kumi na mbili. Hapo kweli huwezi kuhesabu ndevu. Lakini sehemu sita zilizobaki za ile fremu ya kwanza zina kitu ndani yake: barafu iliyopasuka, maji meusi katikati yake, ukuta wa jiwe nyuma, na kiumbe mzito anayetembea kwenye sakafu inayozidi kupungua. Kama unataka kumwambia mtu dubu anaishije, hiyo ndiyo picha. Ile ya uso ingeweza kupigwa kwenye bustani ya wanyama, na ukweli ni kwamba nyingine hupigwa huko na kuuzwa bila kusema.

Katika malalamiko yaliyotolewa kuna moja ninalolikubali karibu lote. Lenzi ya milimita 600 ya daraja la juu ina bei ya gari. Abiria mwenye simu, akiwa mita 300, atarudi nyumbani na doa lenye rangi ya maziwa yaliyokaa. Kwa hiyo kanuni inayosemekana kuwa sawa kwa wote inamwachia picha mwenye pesa na kumnyima asiye nazo. Ni kweli, na sioni namna ya kulizunguka. Ninachoweza kuongeza ni kwamba asiye na lenzi anaweza kupewa darubini, na kwamba kumwona dubu dakika 20 kwa darubini ni kumwona zaidi ya alivyomwona aliyekuwa anahangaika na kidude cha kukuza picha kwenye simu. Ila picha hana, na picha ndiyo aliyoifuata.

Lile la mafuta lina nguvu kwenye jukwaa, halina nguvu kwenye hoja. Ni kweli kwamba kinachommaliza dubu ni kuyeyuka kwa barafu ya bahari, wala si kamera. Lakini mtu mwenye akiba kubwa anaweza kupoteza siku moja ya kazi bila kuumia. Mwenye kula alichochuma leo hawezi. Barafu inavyopungua ndivyo dubu anavyohama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili, na ndivyo usumbufu uliokuwa mdogo unavyokuwa na uzito. Anayesema barafu ndiyo tatizo, kwa hiyo tuacheni tusogee, amejenga hoja inayombomolea nyumba yake mwenyewe.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa kuliko zote, ni kwamba mnyama hakuwa na wasiwasi. "Alilala palepale. Alitutazama akaendelea na shughuli zake." Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Minnesota, Marekani, kwa dubu weusi waliokuwa wamefungwa kola za GPS na kuwekewa vipima moyo mwilini. Watafiti walirusha droni juu yao. Kwa macho, dubu hao karibu hawakufanya lolote: ni mara chache tu walipohama. Vipima moyo vikasema mengine. Dubu wote mapigo yao yalipanda droni ilipopita, na mmoja alipandisha mapigo 123 kwa dakika juu ya kiwango chake cha kabla droni haijafika. Mapigo 123 ya ziada, na mpiga picha angeandika chini ya picha yake kwamba mnyama alikuwa mtulivu.

Kusoma vibaya huko kunaweza kufikia mamilioni ya watu kwa siku moja. Novemba 2018 ilisambaa video kutoka eneo la Magadan, Urusi, ya dubu na mtoto wake wakipanda mteremko wa theluji. Mama anafika juu. Mtoto anateleza, anapanda, anateleza tena, anakaribia kufika, anaporomoka mbali zaidi, mwishowe anafika. Watu waliisambaza kama somo la kutokata tamaa. Wataalamu wa wanyama walipoitazama waliona kitu kingine: mama aliyekuwa akiikwepa droni, na wakati ambapo droni ilisogea karibu, mama alirusha mkono na mtoto akaporomoka tena. Sidhani mrushaji alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anafanya lile ambalo kila mwenye kamera hulifanya bila kufikiri, yaani kusogea panapokuwa patamu.

Nami nimo. Miaka kadhaa iliyopita, mbugani, ugenini, nilikuwa mita kama 12 kutoka kwa duma jike aliyekaa juu ya kichuguu akitazama swala. Gari moja lilizunguka mbele kutafuta mwanga mzuri, swala wakainua vichwa wakaondoka, duma akalala chini. Nilifurahi, kwa sababu alikuwa amegeuza uso upande wetu. Picha ilitoka kali mno. Nilipoifungua kwenye kompyuta na kuikuza hadi mwisho ili nihakikishe jicho liko wazi, nikaona ndani ya jicho kuna msitari wa vitu vya mraba. Nilihesabu mapaa ya magari tisa. Sijaichapisha picha hiyo popote, ingawa ndiyo bora kati ya zote nilizorudi nazo, na nikiri kwamba kwa mwezi mzima nilikuwa natafuta namna ya kuyafuta yale mapaa.

Wakati ule nilidhani ubaya ulikuwa kwenye zile mita 12. Sasa nadhani ulikuwa zaidi kwenye yale magari tisa, na hapa ndipo ninapoziona sheria za umbali zikipungukiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara ulilinganisha majike wa maeneo yenye watalii wengi na wale wa maeneo yenye watalii wachache. Waliokaa kwenye watalii wengi walikuza kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao. Waliokaa kwenye watalii wachache walikuza 2.3. Hakuna gari lililoonekana likikanyaga mtoto wa duma. Tofauti inatokana, kwa maelezo yanayoelekea, na mambo madogo yanayojirudia: windo lililoharibiwa, nyama iliyoachwa kabla ya kushiba, mama aliyehama kila baada ya saa chache. Kila dereva peke yake anaweza kuapa kwamba alikaa mbali vya kutosha na asiwe mwongo. Umbali unahesabiwa kwa gari moja moja. Duma anahesabiwa jumla.

Ndiyo maana mfano ninaouona umefikiriwa vizuri kuliko wa Svalbard ni ule wa sokwe wa milimani (gorila), ambao pia huwa unalalamikiwa. Kundi la wageni halizidi watu 8, muda ni saa moja kwa siku, flashi hairuhusiwi, na umbali umeongezwa hadi mita 10 kwa sababu sokwe huambukizwa maradhi yetu ya mapafu. Umbali ni kipengele kimoja tu kati ya vinne. Na picha je? Hakuna anayesema picha za sokwe hao zimekwisha. Antaktika hali ni hiyo hiyo: kampuni za safari zilizo chini ya IAATO, chama cha waendesha safari za Antaktika, hushusha watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja, huwaweka mita 5 kutoka kwa pengwini, na tangu mafua ya ndege yaanze kusambaa kusini huko, zimewakataza wageni kupiga magoti, kukaa wala kulala chini. Kwa mpiga picha hilo ni pigo, maana kila kitabu cha mafunzo kinakuambia ushuke usawa wa macho ya mnyama. Watu walinung'unika msimu mmoja, wakajifunza kushusha kamera kwa mkono na kutazama kioo kinachokunjuka, na pengwini wakaendelea kupigwa picha.

Kuna hoja nyingine inayostahili heshima zaidi ya hiyo ya utulivu wa mnyama, nayo ni kwamba picha huokoa. Watu hulinda wanachokiona, na hawatakiona tusipowaonyesha. Sitaki kuibeza. Mwaka 1871 William Henry Jackson alibeba kamera kubwa na vioo vyake hadi Yellowstone pamoja na msafara wa utafiti wa mwanajiolojia Hayden, na picha alizorudi nazo zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyolishawishi Bunge la Marekani. Machi 1872 Yellowstone ikawa hifadhi ya taifa. Lakini ziangalie picha zile ni za nini. Chemchemi za maji moto, korongo, maporomoko, na mara nyingine mtu mmoja mdogo amesimama pembeni ili ukubwa ueleweke. Lililolindwa ni eneo, kwa sababu eneo ndilo lililoonyeshwa. Mtu anayetaka kuitumia historia hiyo kutetea uso wa dubu uliojaa fremu ameshika ushahidi usio wake. Uso unaamsha mapenzi, sikatai, lakini mapenzi hayo yanamwangukia mnyama mmoja aliyetengwa na kila kinachomweka hai.

Mtu anaweza kudhani kwamba wapiga picha wa mandhari wako salama, kwani mlima haukimbii. Iceland waligundua vingine. Korongo la Fjaðrárgljúfur lilikuwa halijulikani sana hadi video ya Justin Bieber iliyopigwa huko ilipotoka mwaka 2015. Mwaka 2019 mamlaka zililifunga kwa miezi kadhaa, kwa sababu mimea laini inayotanda juu ya ardhi kama zulia, ambayo ikikanyagwa huchukua miaka mingi kurudi, ilikuwa inageuka tope kandokando ya njia. Mwamba wa Trolltunga nchini Norwei ulipandwa na watu wapatao 800 mwaka 2010 na wapatao 80,000 mwaka 2016. Wengi wao walipanga foleni ili wapige picha ya mtu aliyesimama peke yake kwenye ncha ya mwamba. Foleni haionekani kwenye picha, na hilo ndilo linalomleta mtu wa 80,001.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Fujikawaguchiko, Japani. Mei 2024 mji huo ulisimamisha pazia jeusi la wavu, urefu mita 20 na kimo mita 2.5, ili kuziba mahali ambapo Mlima Fuji unaonekana ukiinuka juu ya paa la duka moja. Magazeti yaliandika kana kwamba wenyeji wameuficha mlima. Mlima Fuji una kimo cha mita 3,776. Hakuna pazia la kuuficha, na unaonekana kutoka mamia ya sehemu nyingine katika mji uleule. Kilichozibwa kilikuwa picha moja. Watu walikuwa wakivuka barabara ovyo na kuegesha magari pasiporuhusiwa ili warudi na picha ambayo walikwisha kuiona. Pazia liliondolewa Agosti mwaka huohuo. Sioni tofauti kubwa kati ya yule aliyevuka barabara ile na anayemwambia nahodha asogee kwa dubu mita 50 zaidi. Kila mmoja ana picha kichwani kabla hajafika, na mahali alipofika panageuka kuwa kifaa cha kuitengeneza.

Sasa nije kwa mtu ambaye mjadala huu humsahau, naye ni mwongoza safari. Mgeni huja kwa wiki moja. Mwongoza safari yupo msimu mzima, na sehemu ya kipato chake ni bakshishi. Anajua kabisa duma anahitaji nafasi. Anajua pia kwamba gari la pembeni likisogea naye asiposogea, wageni wake watageuza vichwa na kumtazama kwa namna fulani, hawatasema kitu, na siku ya mwisho bahasha itakuwa nyepesi. Kumwambia mtu huyo awe na maadili ni kumtaka alipie maadili yetu. Hapa sheria ya mita, kwa ugumu wake wote, inafanya kazi ambayo hakuna semina itafanya. Inampa kauli ya kusema: hairuhusiwi, nitapoteza leseni. Mgeni anaweza kubishana na ladha ya dereva, lakini hawezi kubishana na namba. Nilipokuwa nazungumza na waongoza safari wa nchi mbalimbali, sikukutana na hata mmoja aliyeichukia sheria iliyoandikwa wazi. Waliichukia ile inayosimamiwa leo na kuachwa kesho, kwa sababu siku ya kuachwa mwaminifu ndiye anayepata hasara.

Kwa hiyo, kama ningekuwa natunga kanuni za Svalbard, ningeziacha zile mita na kuongeza muda na idadi: meli moja kwa dubu mmoja, dakika kadhaa, kisha kuondoka. Tayari kanuni hizohizo zinazuia meli zenye abiria zaidi ya 200 kuingia kwenye maeneo ya hifadhi, kwa hiyo wazo la kuhesabu vichwa si geni kwao. Upande wa pili wa kazi hiyo si wa serikali. Mashindano ya picha yamekwisha kuonyesha kwamba yanaweza kubadili tabia yakitaka. Shindano kubwa la wanyamapori la Makumbusho ya Historia Asilia ya London lilimnyang'anya mshindi wa 2009 tuzo yake kwa kuwa mbwamwitu anayeonekana akiruka lango katika picha yake alishukiwa kuwa mnyama aliyefunzwa, na mwaka 2018 likaifuta picha ya mlamchwa baada ya kubainika kwamba yaelekea alikuwa mnyama mfu aliyekaushwa na kujazwa. Leo swali la chambo na la mnyama wa kufugwa limo kwenye kanuni za shindano hilo. Swali la umbali bado halijafikia uzito huo.

Nalo ni rahisi kuuliza. Chini ya picha huwa tunaandika urefu wa lenzi, ukubwa wa tundu lake na kasi ya shata, kana kwamba hivyo ndivyo vilivyomgharimu mnyama. Tuongeze viwili: tulikuwa umbali gani, na tulikuwa wangapi. Ya duma wangu ingesomeka hivi: milimita 400, sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, mita 12, magari 9.